Wapagazi Wanane wa Ukuta wa Magharibi

Mkandarasi alipokuja kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kumtafuta baba yangu, alimkuta anapaka udongo jiko la jirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono ya baba kwa miaka kumi na mitatu ya kambi: majiko, kuta za matofali mabichi, mara moja moja madhabahu ya kanisa la mabati. Kwetu Bukavu, Kongo, alikuwa mtu mwingine. Alijifunza ufundi kwa bruda mmoja wa misioni, mzungu mzee aliyetengeneza upya mapambo ya makanisa na ya yale majumba ya wakoloni kando ya ziwa: maua ya chokaa kwenye dari, mikanda ya nakshi pale ukuta unapokutana na dari, malaika waliochorwa juu ya lipu mbichi. Bruda alipokufa, baba aliendelea peke yake. Kaka zangu hawakupenda vumbi, kwa hiyo mimi binti ndiye niliyemshikia ngazi, kisha mwiko, kisha brashi. Tulipokimbia nchi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, na tayari nilijua kuvuta mkanda wa dari ukanyooka kama uzi. Kambini nilishona nguo. Hakuna dari la kupamba huko Dzaleka.

Mkandarasi alikuwa Mmalawi mnene, mwenye viatu visivyostahili vumbi letu. Alizungumza Kichewa kwa haraka na mimi nikamtafsiria baba. Alisema mjini Lilongwe kuna jumba la zamani lililojengwa na mzungu wa tumbaku. Wenyeji huliita Palasi, kwa sababu mzungu yule aliishi kama mfalme, na baada yake viongozi na wageni wa taifa wakawa wanalazwa humo. Sasa linatakiwa kufunguliwa watu walitembelee. Ukumbi wake mkubwa ulikuwa unaporomoka. Yeye amepewa kazi, akaziba dari kwa saruji, na saruji ikaanguka pamoja na kile kilichokuwa kimebaki.

"Watu wameniambia huku kuna Mkongo anayejua chokaa," alisema.

Baba alinawa mikono taratibu. "Umuulize," akaniambia, "saruji juu ya chokaa, nani alimufundisha?"

Sikutafsiri hilo.

Mkandarasi alitushughulikia pasi za kutoka kambini, za wiki chache chache, za kuongezwa kila zikiisha. Alituonya tusiongee na mtu. "Mkiulizwa, ninyi ni vibarua. Mnabeba mchanga." Baba aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitaka kubisha, lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi mno nyuma ya cherehani nikigeuza suruali kuukuu kuwa suruali kuukuu nyingine, nikanyamaza.

Tulipanga chumba Chinsapo, mtaa wa pembeni mwa Lilongwe, tukakigawa kwa pazia. Asubuhi ya kwanza kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, zilituacha mbele ya geti la Palasi, na mlinzi akatuelekeza mlango wa jikoni.

Bado naweza kuuona ule ukumbi jinsi nilivyouona siku ile. Ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu. Dari lilikuwa limezungukwa na mkanda wa majani ya tumbaku yaliyofinyangwa kwa chokaa, jani juu ya jani, kila moja na mishipa yake, na katikati kulikuwa na ua kubwa lililovunjika nusu. Baba alivua kofia. Alisimama chini ya ua lile shingo imekunjwa nyuma, midomo ikitikisika kana kwamba anahesabu, na kwa mara ya kwanza tangu Bukavu nikamwona ananyooka mgongo.

Msimamizi wa jumba alikuja kutusalimia. Alikuwa mama wa Kimalawi, msomi, mwenye sauti ya chini na miwani ya kamba. Alitueleza kwamba kazi ile ilifanywa na Mtaliano aliyetekwa katika vita vikubwa vya wazungu, akaletwa kusini huku na kufungiwa katika kambi ya mateka. Mzungu wa tumbaku alimwazima. Alitolewa kambini alfajiri, akarudishwa jioni.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Njo kusema naye alikuwa na pasi!"

Kisha nikageuka, nikauona ukuta wa magharibi.

Mtaliano alikuwa ameuchora wote juu ya lipu mbichi, ile njia ya zamani ambayo chokaa hunywa rangi na ikikauka rangi imekwisha kuwa jiwe. Kulikuwa na ziwa, vilima, na shamba la tumbaku la kijani lililofifia. Katikati ya ukuta, bwana shamba alikuwa amelala katika machela, kofia juu ya goti, amebebwa na wapagazi wanane. Pembeni mwa machela alikimbia mbwa wa rangi ya kahawa. Mbwa alikuwa na macho mawili yenye nukta ya mwanga ndani yake. Alikuwa na sharubu. Wapagazi waliosalia walikuwa na mabega, vifundo vya miguu na vitambaa vya kiunoni vilivyochorwa mkunjo kwa mkunjo, lakini juu ya shingo palikuwa na duara la kahawia tu. Hawakuwa na jicho wala mdomo. Wanne wa mbele walikuwa wameharibika kabisa, maji ya paa yaliyovuja yaliangusha lipu kuanzia kifuani kwenda juu. Wanne wa nyuma walibaki vilevile alivyowaacha yeye, vichwa kama viazi.

"Mbwa amepewa macho," nikamwambia baba. "Mpaka sharubu. Na hawa je?"

Baba aliangalia. "Pengine alikosa muda. Ukuta ulimukaukia."

"Wote? Lipu ilikauka kwenye nyuso za watu tu, kwa mbwa ikabaki mbichi?"

"Mama, mi siko hakimu," alisema. Huniita mama, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Mi niko hapa kwa dari."

Tukaanza na dari. Chokaa ya dukani baba aliikataa. Alinunua mawe ya chokaa iliyochomwa, tukayazima kwa maji katika mapipa nyuma ya jiko la Palasi, yakachemka na kufoka. Tuliiacha ikae chini ya maji wiki baada ya wiki hadi ikawa laini kama mtindi mzito. Mchanga tuliuchekecha kwa chandarua. Marumaru tuliiponda katika kinu cha kutwangia mahindi. Baba alikata umbo la mkanda kwenye kipande cha bati, akakipigilia kwenye ubao, na kwa ubao huo tukawa tunavuta chokaa kando ya dari, mara ya kwanza, ya pili, ya saba, mpaka ukingo unatoka safi. Majani tuliyamimina katika kalibu, kisha baba akapita kwa kisu kidogo akiyachonga mishipa moja moja, kwa sababu alisema majani mawili ya tumbaku hayajawahi kufanana shambani, kwa nini yafanane darini.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa na furaha. Kwa saa kadhaa kila siku nilikuwa nayo. Mabega yaliniuma, chokaa ilinila vidole, na jioni nilikula nsima na usipa, ugali na dagaa wa huko, nikisinzia. Lakini mkandarasi alikuwa na tabia ya kuleta wageni.

Siku moja walikuja watu watano wenye suti. Tulisikia magari, kisha yeye akaingia mbio, akatupungia mkono. "Nyuma ya turubai. Haraka. Msitoke mpaka niwaambie."

Baba alikuwa ametoka kuchanganya chokaa na jasi kwa ajili ya ua la katikati. Mchanganyiko huo haumsubiri mtu, kwa muda mfupi tu unakuwa jiwe. Alimwonyesha beseni. "Abwana, hii itakufa."

"Nyuma ya turubai!"

Tulisimama huko, baba wa miaka sitini na minane na mimi, miiko mikononi, tukisikiliza. Mkandarasi aliwaeleza wageni jinsi yeye alivyofanya utafiti wa chokaa, jinsi alivyogundua kwamba saruji haifai, jinsi alivyowafundisha vibarua wake kukata umbo la bati. Mgeni mmoja alisema kazi kama hii hakuwahi kuiona popote nchini. Mkandarasi akasema, "Ni subira tu, bwana. Subira." Baba aliangalia beseni lake. Chokaa ilikuwa inapoteza mng'ao, ikapasuka mstari mdogo katikati. Nikataka kutoka. Baba akanishika kiganja, akakikaza, hakuniachia mpaka magari yalipoondoka.

"Juu ya nini unanishika?" nikamuuliza sababu. "Banatuficha kama bezi, kama watu banaiba!"

"Juu ya ile ua," alisema. "Nataka kuimaliza."

Alilimaliza. Ilimchukua siku kumi na moja, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kilichotoka kwenye mikono ya mtu ninayemjua.

Halafu tukashuka kwenye ukuta. Mama msimamizi alikuja na picha chache za zamani, zimefifia, wapagazi wa mbele hawaonekani vizuri, ila vichwa vyao navyo ni maduara matupu. "Hatujui walikuwaje hasa," alisema. "Wafanyeni kama wenzao wa nyuma."

Asubuhi ya kazi hiyo baba aliamka na malaria. Lipu ya chini ilikuwa tayari, na mkandarasi alikuwa anapiga simu kila saa. Nikamwachia baba maji na dawa, nikaenda peke yangu. Nilipaka lipu nyembamba ya juu, nikaisugua ikawa kama ngozi ya yai. Nilikuwa na muda wa kuanzia hapo hadi alasiri kabla haijagoma kunywa rangi. Rangi zangu zilikuwa za kawaida: udongo mwekundu niliouchukua Dowa, karibu na kambi, na kuusaga, masizi, udongo wa manjano, chokaa kwa weupe.

Nilichora vifua. Nilichora mikono iliyoinuliwa kushika mti wa machela, mishipa ya shingo iliyokazwa na uzito. Nikafika kichwa cha kwanza, nikaweka duara la kahawia. Nililitazama, kisha nikamtazama mbwa.

Sitadanganya kwamba nilichora kwa upendo. Nilichora kwa hasira. Nilichovya brashi nyembamba kwenye masizi, nikatia nyusi, nikatia macho, nikatia ile mikunjo ya kando ya mdomo anayokuwa nayo mtu aliyebeba kitu kizito huku akikataa kuonyesha. Wa kwanza alikuwa shemasi wa kanisa letu, mkulima wa Fizi, ambaye nilimwona akipanga foleni ya chakula mvua ikimnyeshea na Biblia yake ndani ya shati. Wa pili alikuwa mwendesha kabaza anayenipeleka barabarani nikienda kununua vitambaa, mwenye pengo la jino la mbele. Nilimfanya afungue mdomo ili pengo lionekane. Wa tatu alikuwa mjomba wangu aliyebaki Uvira, ambaye hatuna habari zake tena. Yeye alinipa taabu. Niligundua nimesahau masikio yake. Nililia nikiwa juu ya jukwaa kwa sababu ya masikio, nikamfunika kitambaa kichwani, nikaendelea.

Wa nne, aliyetangulia wote, alikuwa baba.

Baba aliporudi kazini baada ya siku mbili, amekonda, ameshika ukuta kwa mkono, nilimwacha aingie peke yake. Nilipoingia alikuwa amesimama ana kwa ana na yeye mwenyewe.

"Pua yangu haiko vile," alisema hatimaye.

"Iko vile, Papa. Hujiangaliagi tu."

Alisogea karibu, akapitisha kidole juu ya shavu la shemasi bila kuligusa. Akaangalia jinsi nilivyounga lipu yangu na ya Mtaliano, akatafuta ufa, hakuupata. "Umeiunga muzuri," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine: "Batatufukuza."

"Batufukuze."

"Unasema vile juu we iko na nguvu ya kuanza tena."

Mkandarasi alifika saa nne. Alimwona mbwa, akamwona bwana shamba, macho yake yakatembea kushoto, yakaganda. Alinigeukia mimi, si baba. "Nini hii? Nani amekuruhusu? Nani?"

"Hakuna aliyenikataza, Abwana."

"Mliambiwa wawe kama wenzao!"

"Wenzao hawajamalizika."

Alipiga kelele mpaka mama msimamizi akatoka ofisini. Alikuja mbele ya ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikaa pale muda mrefu. Nilidhani nimempata. Nilimwona akitabasamu kidogo mbele ya yule mwenye pengo.

"Ni wazuri," alisema. "Sikudanganyi. Lakini haiwezekani. Kazi yetu hapa ni kuhifadhi kilichokuwepo."

"Mayi, hawa watu hawakuwa na nyuso?" nikasema; huku mama huitwa mayi.

"Katika mchoro, hawakuwa nazo."

"Na babu yako je?" nikamuuliza. Ulikuwa ukosefu wa adabu, najua. Baba alinivuta kanga. "Babu yako hakubeba machela?"

Alinitazama moja kwa moja. "Babu yangu alibeba," alisema. "Bega lake lilikuwa na kovu mpaka anakufa. Ndiyo sababu nataka watu waje hapa waone tulivyoonwa. Ukiwapa nyuso, unamsafisha yule aliyewanyima."

Nimelifikiria neno hilo kuliko neno lolote nililoambiwa katika nchi hii. Lilikuwa na uzito, na kama mazungumzo yangebaki kati yake na mimi, labda mwishowe ningekubali, nikabishana, nikakubali tena. Lakini mkandarasi hakuwa na haja na babu wa mtu. Alitoa simu mfukoni.

"Pasi zenu zinaisha Ijumaa," alisema. "Naweza nisiongeze. Naweza hata kupiga simu leo, niseme kuna wakimbizi wanaofanya kazi mjini bila kibali. Mnajua watakuja na gari la aina gani."

Nilimtazama mama msimamizi. Alikuwa anaangalia sakafu. Alisikia kila neno na hakusema kitu. Mimi naweza kumsamehe mtu kwa kuwa na wazo tofauti na langu. Ule ukimya bado sijausamehe.

Mchoro wa lipu mbichi haufutiki kwa maji wala kwa sabuni. Rangi imo ndani ya ukuta. Ni kuubandua kwa patasi tu. Mkandarasi alimwita mmoja wa vibarua wake alete nyundo kubwa.

"Hapana," baba alisema.

Nilijaa fahari. Nilidhani anakataa.

"Ile nyundo itaangusha ukuta muzima," alisema. "Mulete patasi ndogo. Nitafanya mi mwenyewe."

Nilimpigia kelele baba yangu mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilimwita mwoga. Nilimwambia Bukavu hakuwa hivi, kwamba vita havikumfanya hivi, ni kambi, ni kusema asante miaka kumi na mitatu. Alipanda jukwaa akiwa bado na homa. Alishika patasi kama anavyoishika siku zote, kwa vidole vitatu, akaanza na shemasi. Vipande vilianguka juu ya turubai kama maganda ya yai. Alitoa macho, akatoa nyusi, akapita kwa uangalifu pembeni mwa shingo ili asiguse kifua. Alifanya kazi nzuri. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote, kwamba hata kuharibu aliharibu vizuri. Alipofika kwenye uso wake nilitoka nje, nikaenda kuosha mapipa ya chokaa.

Alipaka lipu mpya pale palipobaki mashimo, akaweka maduara ya kahawia. Ukuta ukapata viazi vyake vinane.

Ijumaa hiyo mkandarasi hakuongeza pasi zetu. Dari lilikuwa limekwisha, ukuta umekwisha, hakuhitaji tena chokaa wala watu wa chokaa. Tulipanda matola, pikapu ya abiria na mizigo, kurudi Dzaleka, baba na mimi, tumekaa juu ya magunia ya makaa ya watu wengine.

Sikusema na baba yangu karibu wiki sita. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwekea maji ya kuoga, yote kwa mdomo uliofungwa. Jirani walianza kuuliza. Shemasi alikuja kutupatanisha, naye hakujua kwamba uso wake uliwahi kukaa ukutani siku tatu. Nilishindwa kumtazama.

Jumapili moja baada ya ibada, baba alikuja akakaa kwenye kibao mbele ya cherehani yangu. Nilitegemea hotuba. Nilikuwa nimeshajiandalia majibu yote. Angesema ukuta ni wa mwenye nyumba, ningesema mikono ni ya nani. Angesema amenilinda, ningesema sikumwomba.

"Niliogopa," alisema.

Nikasimamisha gurudumu.

"Njo vile tu. Alitoa ile telefone. Nilifikiria lile gari. Nilifikiria batuweke ndani, we mwanamuke, mi muzee. Siko na maneno ingine ya kukuambia. Niliogopa, nikatoa ile sura, na wakati niko natoa yangu nilisikia haya mpaka mu mifupa."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrushia mkasi. Nilimwambia, "Ungeniacha niogope na mimi, Papa. Ungeshuka tuogope pamoja." Alisema ndiyo, angefanya hivyo. Akaendelea kukaa pale mpaka nikamaliza kushona pindo.

Tangu siku ile tunaongea. Lakini hasira haikuondoka hata baba alipoomba radhi, kwa kuwa hasira yenyewe haikuwa juu yake. Alikuwa tu ndiye aliyekuwa karibu.

Palasi ilipofunguliwa, jirani mmoja aliyekuwa anauza nguo Biwi mjini alituambia ameona watu wengi na magari. Nilisubiri miezi michache, nikaomba pasi ya kwenda hospitali mjini, Mungu anisamehe, nikaenda. Nilipita mlango wa mbele kama mgeni yeyote. Nilijiunga na kundi la walimu wa shule ya msingi, labda kumi na watano, wakiongozwa na bwana mmoja mwenye tai.

Katika ukumbi waliinua vichwa na kusema "aaa" kwa pamoja. Ua la baba lilikuwa juu yao, jeupe, kila petali na kivuli chake. Bwana mwenye tai akasema limerudishwa na mkandarasi mashuhuri wa hapa nchini kwa njia aliyoibuni mwenyewe. Nilikuwa nimejiahidi kutazama tu.

Kisha akatugeuza kwenye ukuta wa magharibi. Nilisubiri. Nilitaka kusikia lile neno la mama msimamizi, watu waone tulivyoonwa. Kama angelisema hilo, naapa, ningeondoka kimya.

"Hapa tunaona safari ya mwenye shamba," alisema. "Nyuso za wapagazi, kwa bahati mbaya, zimefutwa na unyevu wa miaka mingi."

"Si kweli," nikasema.

Vichwa vyote viligeuka. Kichewa changu kina lafudhi mbaya na nikikasirika kinakuwa kibaya zaidi. Lakini nilikisema hivyohivyo. Nilisema unyevu hauchagui watu ukamwacha mbwa. Nilisema aliyechora hakuwapa nyuso hata siku moja, wote wanane. Nilisema mimi niliwapa wanne nyuso, na zikaondolewa kwa patasi, na aliyeziondoa ni baba yangu, na ndiye pia aliyetengeneza dari wanalolishangaa, na yeye ni mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Dzaleka, na alifanya kazi ile ya patasi kwa sababu alitishwa. Bwana mwenye tai alisema, "Mayi, tafadhali." Mlinzi akaja akasimama nyuma yangu. Nikaendelea. Sauti ilipanda mpaka ikagonga kwenye dari na kunirudia.

Mama msimamizi alitokea mlangoni. Tulitazamana juu ya vichwa vya walimu. Mlinzi alimwangalia akisubiri ishara, na yeye hakutoa ishara yoyote, ya kunitoa wala ya kuniacha. Alisimama tu mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema kwa sauti yake ya chini kwamba kundi linaweza kuendelea na chumba cha kulia.

Mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, hakuondoka na wenzake. Aliniuliza, "Zilikuwa sura za nani?"

Nikamwambia mmoja mmoja. Yule wa Biblia ndani ya shati. Yule wa pengo. Mjomba ambaye sikumbuki masikio yake. Baba. Aliandika. Sijui aliandika kwa ajili ya nini na sikumuuliza. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kusema zikomo, akawafuata wenzake.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Baba alikuwa ameketi mlangoni anakata bati la kuziba paa. Nilidhani ataniuliza hospitali imesema nini, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia hata yeye. Aliangalia viatu vyangu, vilikuwa na ile kokoto nyekundu ya bustani ya Palasi.

"Dari imepasuka?" aliuliza.

"Haijapasuka."

"Kona ya mashariki, pale tulipounga siku ya mvua?"

"Hata nywele moja haipiti."

Aliendelea kukata bati. Nikamweleza niliyoyasema pale, yote, pamoja na kwamba nilisema alitishwa. Alisimamisha mkasi. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimemtaja.

"Ulibaambia kama mi njo nilitengeneza ile ua?"

"Niliwaambia."

"Kwa Kichewa?"

"Kwa Kichewa, Papa."

"Na walisikia?"

"Walisikia," nikasema, nikaingia ndani kubadili viatu.